Mlima Unaoshikiliwa kwa Jembe

Kutoka Songea hadi Mbinga ni kilomita zipatazo 100 za lami, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni tambarare na vilima vya kawaida. Unapita njia ya Peramiho, ambako Wabenediktini walijenga misheni yao mwaka 1898, unapita viwanja vya kufyatulia matofali, kisha mahindi, mahindi, mahindi. Ilikuwa Machi, mbelewele zimeshafunguka na majani ya chini yameanza kuwa manjano. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha Tanzania, na ukikaa dirishani mwa basi huhitaji kuambiwa na mtu.

Shani inaanza ukiiacha Mbinga mjini na kushika njia ya vumbi inayopanda kuelekea Litembo. Mwezi huo vumbi lilikuwa tope. Kijana wa bodaboda aliyenibeba alikuwa akiegemea mbele kila tulipofika penye mwinuko, nami nimemshikilia mabegani. Tulipozunguka bega la mlima wa kwanza, upande wa pili wa bonde ukafunguka wote kwa mara moja. Mteremko ambao kwingine ungeachiwa mbuzi na nyani ulikuwa umelimwa kuanzia kijito cha chini hadi karibu na kilele, na wote umejaa mashimo ya mraba yaliyopangwa kwa safu, kila shimo limezungukwa na kingo za udongo pande zote nne, kama sega la nyuki lililolazwa juu ya mlima. Hizo ndizo ngoro za Wamatengo.

Nilikuwa nimezisoma vitabuni. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao kutoka Japani, walifanya kazi katika milima hii wakizichunguza, na maandiko yao ndiyo yaliyonitia hamu ya kuja. Lakini maandiko huonyesha shimo moja moja, na vipimo vyake. Hayakuwa yameniandaa kuona mlima mzima.

Kwa nini watu walime mahali pakali namna hii? Wenyeji hujibu kwa historia. Katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika na kupanda kaskazini wakipigana, walifika katika nchi ya Songea. Walikuwa na jeshi lililopangwa na silaha walizozizoea, na jamii nyingi za jirani zilitawaliwa au zikakimbia. Wamatengo walijibana milimani, kuzunguka Litembo, mahali penye miamba na mapango ya kujificha. Mlima uliwaokoa, lakini watu walikuwa wengi na ardhi ya kulima ni ile iliyosimama wima. Asiyejua kuuzuia udongo usiteremke na mvua asingekula miaka miwili mfululizo.

Rafiki yangu wa Songea alinituma kwa baba yake mkubwa, nami nikamwita baba mkubwa tangu mlangoni, na mkewe mama mkubwa. Boma lao limekaa katikati ya mteremko, mahali ambapo mlima umelegea kidogo kabla ya kuanza tena kushuka. Nyumba kubwa ni ya matofali ya kuchoma, bati juu, baraza mbele linalotazama bonde. Matofali yalifyatuliwa hapo hapo, kwa udongo wa kule mtoni, na fedha ya bati ilitoka kwenye kahawa katika mwaka ambao bei ilikuwa nzuri. Katika milima hii ukiona nyumba ya matofali uliza tu ilijengwa mwaka gani, na utakuwa umejua historia ya bei ya kahawa.

Mimi lakini nilivutwa zaidi na majengo yaliyo nyuma. Nyumba ya babu, ya miti na udongo, paa la nyasi, bado imesimama. Baba mkubwa huiezeka upya kila inapohitaji. Haikaliwi na mtu. Ndani kuna magunia ya mbegu ya maharage, majembe, nyengo za kufyekea zilizochomekwa kwenye ukuta, na bomba la kupulizia dawa ya kahawa. Kando yake kuna jiko, jengo la peke yake lisilo na bomba la moshi, na juu ya mafiga limewekwa dari la fito. Hapo juu hukaa mahindi. Moshi wa kila siku huyakausha na kuwafukuza fukusi, na mahindi ya mbegu hufungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa mahali ambapo moshi ni mzito zaidi. Mwezi Machi dari lilikuwa karibu tupu, na mama mkubwa alikuwa akihesabu wiki zilizobaki mpaka mahindi mabichi.

Chini ya jiko kuna banda la nguruwe, sakafu yake ni ya magogo yaliyoachiana nafasi kidogo ili samadi ianguke. Chini zaidi, mahali ambapo maji ya mfereji yanaweza kufika, kuna kibanda kisicho na kuta chenye mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, na pembeni birika la saruji la kuvundikia na kuoshea. Meza za kuanikia zilikuwa zimesimama tupu, nyavu zake zimekunjwa na kuingizwa ndani, kwa kuwa kahawa huanza kuiva kiangazi kikishaingia. Niliyapita majengo hayo mara nyingi kabla ya kutambua mpango wake. Kila kimoja kiko chini ya kinachokilisha. Jivu na maganda kutoka jikoni, samadi kutoka bandani, maganda mekundu ya kahawa kutoka mashineni, vyote huteremka kwa uzito wake mwenyewe hadi kwenye mibuni na migomba inayolizunguka boma. Hakuna anayebeba samadi kupanda mlima.

Asubuhi baba mkubwa alinipeleka kuona mipaka. Wamatengo huita ntambo kipande cha mlima kilichokaa baina ya vijito viwili, kuanzia juu kwenye mgongo hadi chini maji yanapokutana, na kwa desturi ntambo moja ni ya ukoo mmoja. Tulianzia juu, kwenye msitu mdogo ambao hakuna anayeruhusiwa kuufyeka, maana chemchemi iko chini yake. Tukashuka kwenye nyasi na miti ya kuni, tukaingia katika ngoro, tukapita boma na kahawa, tukaishia bondeni kwenye bustani za mboga na migomba mirefu kuliko yote niliyoiona huko. Ndani ya mwendo usiozidi saa moja tulikuwa tumepita kila kitu ambacho familia inahitaji kwa mwaka mzima, isipokuwa chumvi, sabuni na ada ya shule. Kipande cha baba mkubwa ni ukanda unaoshuka kutoka juu hadi chini. Ndugu zake wana mikanda yao kando yake. Hakuna aliyepewa kilele peke yake, wala bonde peke yake.

Kazi ya ngoro nilikuwa nimeifikia kwa wakati wake. Mvua zinapoelekea mwisho, shamba lililopumzika huwa limejaa nyasi zinazofika kiunoni. Wanaume na vijana huingia na nyengo wakafyeka, wakaziacha nyasi zinyauke juani. Kisha hukusanywa na kulazwa kwa mistari, mmoja unashuka na mteremko na mwingine unaukata, hadi shamba lote liwe miraba yenye upana wa karibu mita moja na nusu hadi mbili. Hapo kazi ya wanaume imekwisha, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Mama mkubwa alikuwa shambani kabla jua halijatoka nyuma ya mlima, na wakwe zake wawili pamoja na jirani mmoja. Kila mmoja anaingia katikati ya mraba wake, anachimba udongo wa juu na kuutupa juu ya nyasi pande zote nne, mpaka nyasi zifunikwe. Juu ya tuta hilo bichi anamwaga mbegu za maharage, halafu anachimba tena katikati na kuzifunika kwa udongo mwembamba. Anapotoka, pale aliposimama pamekuwa shimo lenye kina cha goti, na kingo zake zimeshapandwa. Anahamia mraba unaofuata. Niliomba jembe nikachimba kando yake. Udongo ulikuwa na unyevu, unatoka kwa urahisi. Kinachochosha ni kuurusha juu, kwenye ukingo wa upande wa mlima, kila mara, mkono ukipanda kuliko bega. Yeye alikuwa akiongea tu, habari za mjukuu aliyefaulu kwenda sekondari, na jembe halikupoteza mwendo.

Alinieleza mzunguko wake kwa maneno machache. Maharage huvunwa Juni na Julai. Shamba linangoja mvua, na Novemba au Desemba mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale, wakati nyasi zilizozikwa zimekwisha kuoza. Wakati wa palizi magugu hutupwa mashimoni. Mahindi yakishavunwa Julai au Agosti, shamba linaachwa liote nyasi hadi Machi inayofuata, kisha ngoro huchimbwa upya, na safari hii shimo linakaa palipokuwa tuta. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili mlima mzima hugeuzwa, na mahali palipooza nyasi za zamani ndipo panapochimbwa udongo wa kufunikia mpya. Huu ndio mlima ambao umelimwa vizazi vingi mahali pale pale. Mama mkubwa alinionyesha shamba ambalo mama mkwe wake alilikuta likilimwa alipoolewa.

Usiku mmoja mvua ilinyesha kwa nguvu ile ya milimani, inayopiga bati mpaka watu wanaacha kuzungumza. Kulipopambazuka nilikwenda shambani kabla ya chai. Mashimo mengi yalikuwa na maji, yametulia, na chini yake tope jepesi limeanza kujikusanya. Shimo lililojaa lilikuwa limemwagikia la chini yake, na hilo la chini bado lilikuwa na nafasi. Udongo uliokuwa umeng'oka ulikuwa umesafiri hatua mbili tatu tu ukakamatwa. Upande wa pili wa kijito kuna kipande ambacho kijana mmoja amekilima kwa matuta marefu ya kawaida, kwa haraka, apate kuwahi msimu. Hapo maji yalikuwa yamechonga mifereji iliyokwenda moja kwa moja hadi chini, na kijito upande ule kilikuwa chekundu. Nilisimama baina ya mashamba hayo mawili kwa muda mrefu. Wataalamu wa hifadhi ya udongo wamezunguka Afrika wakihubiri makinga maji na matuta ya ngazi tangu enzi za ukoloni, na mara nyingi kwa amri na faini. Hapa jibu lilikuwa limeshapatikana, na lilikuwa linafanya kazi mbele ya macho yangu bila ya mkutano wowote.

Lakini ngoro hazisimami peke yake. Kahawa iliingia Umatengo miaka ya 1920, na tangu hapo mashamba haya yana miguu miwili: ngoro kwa chakula, mibuni kwa fedha. Fedha ya kahawa hununua mbolea, na hiyo mbolea hufika pia kwenye mahindi. Bei zilipoyumba na vyama vya ushirika vikaanguka katika miaka ya 1990, soko likiwa limefunguliwa kwa wanunuzi binafsi, mguu mmoja ulilegea na mwingine ukaelemewa. Baba mkubwa alikumbuka watu walioacha mibuni iliwe na kutu ya majani na chulebuni kwa kuwa dawa ilikuwa ghali kuliko zao. Wengine walishuka kwenda kufungua mashamba mapya katika miombo ya upande wa mashariki, ardhi tambarare ambako mti ukikatwa na moto ukipita unavuna mahindi mengi kwa miaka michache, kisha unahama. Yeye mwenyewe ana shamba huko, na analilima kwa matuta ya kawaida. "Kule hakuna mlima wa kuogopa," aliniambia, "lakini pia hakuna wa kukusaidia kukumbuka."

Sasa hali ni afadhali. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kilichoko Ugano, hapa hapa Mbinga, kimesambaza miche inayostahimili magonjwa hayo mawili, na mibuni mipya ya baba mkubwa ilikuwa imebeba hadi matawi yanainama. Kahawa inapita kwenye chama cha msingi na kuuzwa mnadani. Maharage ndiyo bado yanaliwa na wachuuzi wanaokuja na gari wakitaka gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, na kulilipia bei ya gunia la kawaida. Mama mkubwa analijua hilo kwa uchungu. Maharage ni kazi ya mikono yake kuanzia mbegu, na kile kilemba juu ya gunia ni mashimo mangapi aliyochimba bure?

Jioni tulikula barazani: ugali, maharage, nyama ya nguruwe iliyokaushwa juu ya moto, na majani ya maboga. Baba mkubwa alinihadithia sengu ya enzi za babu yake. Wanaume wa ukoo walikutana kila siku nyumbani kwa mzee wa ntambo, kila mke akaleta chungu chake, wakala pamoja, watoto wa kiume wakiwa pembeni wakisikiliza. Hapo ndipo ardhi iligawanywa, ugomvi ukaamuliwa, mgeni akaulizwa anakotoka. Njaa ya nyumba moja ilionekana mapema, kwa kuwa chungu kilichokuja kitupu hakingeweza kufichwa. Siku hizi kila nyumba inakula kwake, na wanaume hukutana tu likiwapo jambo. Nilimsikiliza kwa heshima, maana aliyoyasema yana uzito, nami naamini kijiji kilichokula pamoja kilijua mambo ambayo kijiji cha leo hakiyajui. Hata hivyo sikuweza kuacha kufikiri juu ya akina mama waliopeleka vyungu vile na kurudi jikoni, huku mazungumzo ya ardhi waliyoichimba wao yakiendelea nje.

Na hili ndilo lililonikaa moyoni kuliko mengine yote niliyoyaona huko. Mlima huu unashikiliwa na wanawake. Ukiondoa jembe la mama mkubwa na wakwe zake kwa misimu miwili tu, kingo zitabomoka, mashimo yatajaa, na udongo uliolindwa kwa zaidi ya karne utaanza kushuka kwenda Ziwa Nyasa. Wataalamu wanaoogopa kwamba ngoro zitatoweka hutaja kazi yake kuwa ngumu, na kwamba vijana wanakwenda mjini. Ni kweli. Lakini mabinti niliozungumza nao walitaja pia jambo jingine: kwamba watachimba kwa baba, watachimba kwa mume, na hakuna mahali watakapochimba kwao. Ntambo hushuka kwa watoto wa kiume. Mwenye kuona mbali angeanza hapo kabla ya kuleta semina nyingine ya hifadhi ya mazingira.

Bahati ilikuwa kwamba suala hilo lilikuwa tayari limefika barazani kabla yangu. Kijiji kilikuwa kinajiandaa kupima mashamba kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na hati inaweza kubeba majina ya mume na mke pamoja. Baba mkubwa alikuwa hana shaka juu ya jina la mkewe. Kilichokuwa kinamtatiza ni binti yao wa pili, muuguzi Songea, ambaye alikuwa ameomba kipande cha chini, karibu na mto, chenye ngoro na mibuni kidogo. Mama mkubwa alitaka aandikwe. Ndugu wa baba mkubwa walikuwa wananung'unika: akiolewa mbali, ntambo itakuwa imeingiliwa na mgeni.

Waliniuliza maoni yangu, nami sikuona sababu ya kuyaficha. Nilisema kwamba kwa jinsi nilivyoona, ukoo haupotezi ardhi kwa mabinti walioandikwa. Unaipoteza kwa wana wanaoirithi na kuiacha iote vichaka. Baba mkubwa alitikisa kichwa polepole, akamega tonge, akalichovya.

"Umesema la haki, mwanangu. Ila jambo la ukoo halisemwi na kinywa kimoja. Jumapili wadogo zangu watakuja baada ya misa, tutaliweka hapa barazani."

"Liwekeni," akasema mama mkubwa, akikusanya vyombo. "Na Jumapili hiyo chakula atapika mkwe. Mimi nitakaa hapa hapa mtakapokaa ninyi."

Baba mkubwa alisogea kwenye benchi, akapima nafasi kwa kiganja, akamwambia mjukuu asubuhi alete kiti kimoja zaidi kutoka nyumba ya babu.